UZI: Kuprogramu kwa fanksheni: chagua kitabu cha usanifu kabla ya kitabu cha lugha

Fundi_Kamalondo (mwanzisha uzi)

Yambo kwa wote. Nafungua uzi huu kwa sababu nimechoka kujibu swali moja kwa sauti za WhatsApp. Kila kijana wa informatika hapa Lubumbashi anakuja na lilelile: "Yaya, nipe kitabu cha Haskell." Mwingine anataka cha OCaml, mwingine cha Scala, zote lugha za kuprogramu kwa fanksheni, inategemea amemsikiliza nani YouTube wiki hiyo. Nikiuliza unataka kufanya nini nacho, kimya.

Msimamo wangu nauweka mbele ili anayetaka kupinga apinge mapema. Kuna vitabu vinavyofundisha lugha, na kuna vitabu vinavyofundisha namna ya kutoka kwenye ukurasa mtupu mpaka kwenye programu inayosimama. Watu wanavichanganya. Kitabu cha lugha kitakuambia alama fulani inaandikwaje na kompaila, ile programu inayotafsiri kodi yako kwa ajili ya mashine, inataka nini. Hakikuambii, mwenye duka akikupa kazi, mstari wa kwanza uandike upi. Wengi wetu tumekwama hapo kwa mwenye duka, halafu tunakwenda kutafuta jibu kwenye vitabu vya alama.

Kwa hiyo cha kwanza ninachopendekeza ni *How to Design Programs*, cha Felleisen, Findler, Flatt na Krishnamurthi. Toleo la kwanza lilitoka MIT Press mwaka 2001, la pili 2018, na lote linasomwa bure mtandaoni kwa ridhaa ya waandishi wenyewe. Kinatumia Racket, lugha ya ukoo wa Lisp, ile aliyoianzisha John McCarthy mwaka 1958. Lakini hukutani na Racket nzima siku ya kwanza. Unaanza na kipande chake kidogo kilichotengwa kwa wanaoanza, na ukikosea unapata ujumbe wa kosa unaolingana na kiwango chako, si ule wa kuwafaa mainjinia waliokubuhu.

Moyo wa kitabu ni utaratibu wa kusanifu. Unaeleza data yako ni ya namna gani. Unaandika fanksheni inapokea nini na kutoa nini, na sentensi moja ya kusudi lake. Unatoa mifano. Unachora kiunzi kinachofuata umbo la data. Ndipo unajaza, kisha unajaribu. Angalia mahali mifano ilipokaa: kabla ya kodi. Hapo ndipo vijana wanapolalamika, na hapo ndipo faida yote ilipo.

Nichukue kitu tunachokiishi. Dukani hapa mteja analipa kwa dola au kwa franka, na mwenye duka jioni anataka jumla moja. Tuseme leo kambisti wa kona anabadilisha dola moja kwa franka 2800:

```
(define-struct dola [kiasi])
(define-struct franka [kiasi])

; Pesa ni mojawapo ya hizi:
; - (make-dola Namba)
; - (make-franka Namba)

; Pesa Namba -> Namba
; inageuza pesa yoyote kuwa franka kwa bei ya dola ya leo
(check-expect (kwa-franka (make-franka 5000) 2800) 5000)
(check-expect (kwa-franka (make-dola 10) 2800) 28000)

(define (kwa-franka p bei)
  (cond
    [(dola? p)   (* (dola-kiasi p) bei)]
    [(franka? p) (franka-kiasi p)]))
```

Mistari ya `check-expect` ndiyo mifano. Maelezo ya data yana vipengele viwili, kwa hiyo `cond`, inayochagua tawi kwa masharti, ina matawi mawili. Sikuhitaji kipaji kujua hilo, data imeniambia. Na bei ya dola imeingia kupitia mlango wa mbele, kama kitu fanksheni inachopewa. Haikujificha juu ya faili kama kigeu ambacho mtu mwingine anaweza kukibadilisha saa nane mchana wakati hesabu ya asubuhi haijafungwa. Mkisikia watu wanasema "fanksheni safi", mwanzo wake ni huo tu: ukiipa vitu vilevile, inakupa jibu lilelile, na haigusi kingine.

Mauzo ya siku nzima sasa. Orodha ni tupu, au ni pesa moja ikifuatwa na orodha nyingine:

```
; Orodha-ya-Pesa Namba -> Namba
(check-expect (jumla '() 2800) 0)
(check-expect (jumla (cons (make-dola 1)
                       (cons (make-franka 200) '())) 2800) 3000)

(define (jumla o bei)
  (cond
    [(empty? o) 0]
    [else (+ (kwa-franka (first o) bei)
             (jumla (rest o) bei))]))
```

Fanksheni inajiita yenyewe kwa sababu maelezo ya orodha yanajitaja yenyewe. Nimeona watu wakifundishwa jambo hili kwa faktoria ya 5, wakakariri, wasijue walitumie wapi.

Haya, uwanja ni wenu.

---

Nadia_L2

Aksanti sana yaya. Mimi niko L2, mwaka wa pili chuoni. Shida yangu ni mabano. Nikifungua Racket naona mabano tu, macho yanachoka. Haskell inaonekana safi. Kwa nini nisianze nayo moja kwa moja? Rafiki yangu amenitumia *Learn You a Haskell* na kinachekesha kweli.

---

Fundi_Kamalondo

Mdogo wangu, mabano yanakusumbua wiki ya kwanza, kisha huyaoni tena. DrRacket, programu ya kuandikia Racket, inakuonyesha kila bano linafungana na lipi.

*Learn You a Haskell* cha Miran Lipovača (2011) ni kitabu kitamu, nacho kiko bure mtandaoni. Kasoro yake ni moja: hakina mazoezi. Unasoma sura, unatikisa kichwa, unacheka, unaamini umeelewa. Ukitaka Haskell kwa dhati chukua *Programming in Haskell* cha Graham Hutton, toleo la pili la 2016. Si kinene, na kila sura inaishia na mazoezi yanayouma. Hicho hakigawiwi bure. Lakini vyote viwili ni vya lugha, vinadhani tayari unajua kukata tatizo vipande. Je, unajua? Jibu mwenyewe.

---

MathPhysique_Katuba

Nimekuja kupinga kama ulivyoomba.

Mnazunguka mbuyu. Kitabu ni kimoja: *Structure and Interpretation of Computer Programs* cha Abelson na Sussman, pamoja na Julie Sussman. Kilitoka 1985, toleo la pili 1996, na MIT Press imekiweka bure mtandaoni. Kilikuwa kitabu cha kozi ya kwanza ya programu pale MIT kwa miaka mingi. Hicho kingine chenu kinamshika mtu mkono kama mtoto wa shule ya msingi.

Mfano mmoja tu unatosha kuonyesha tofauti. Sura ya kwanza wanauliza: dola moja inaweza kuvunjwa kwa njia ngapi ukiwa na sarafu za senti 50, 25, 10, 5 na 1? Jibu ni 292. Fanksheni yenyewe ni mistari michache. Niliihamishia kwenye noti zetu: franka 1000 kwa noti za 500, 200, 100 na 50. Wazo ni kwamba njia zote zinagawanyika mafungu mawili: zile zisizotumia noti kubwa kabisa, na zile zinazoitumia angalau mara moja. Fungu la kwanza ni tatizo lilelile lenye noti pungufu. La pili ni tatizo lilelile lenye kiasi pungufu. Kiasi kikifika sifuri umepata njia moja. Kikienda chini ya sifuri, au noti zikiisha, hujapata kitu.

```
(define (njia kiasi noti)
  (cond
    [(= kiasi 0) 1]
    [(or (< kiasi 0) (empty? noti)) 0]
    [else (+ (njia kiasi (rest noti))
             (njia (- kiasi (first noti)) noti))]))
```

Jibu: 49. Mwenye wasiwasi achukue kalamu: bila noti ya 500 ziko 36, na noti moja ya 500 ziko 12, na noti mbili iko 1.

Jaribu kuandika hiyo kwa vitanzi vya `for` uone jasho. Kitabu kinachokupa uzuri huo ndani ya kurasa hamsini za mwanzo, mnakiacha kwa sababu gani?

---

Fundi_Kamalondo

Mkubwa, karibu sana, na mfano wako nauiba.

Hakuna anayekiacha. Mimi nazungumzia mpangilio. Tazama jina lako: umetoka option math-physique ya sekondari. Kile kitabu kiliandikwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa MIT, yaani mtu ambaye kokotoo la tofauti na mkondo wa umeme ni chakula chake. Mzizi wa mraba kwa njia ya Newton unakuja mwanzoni kabisa. Mbele kidogo unatakiwa uandike programu inayotafuta derivati ya usemi wa aljebra. Sura ya tatu kuna kiigizi cha saketi za kidijitali, na kwenye mitiririko wanakuletea saketi ya rezista na kapasita. Wewe unasoma unafurahi. Mwenzako aliyetoka option ya biashara, au ya ualimu, anapigana na mambo mawili kwa pamoja, fizikia na programu, na akishindwa anaamini ameshindwa na programu.

Wala hili si langu. Waandishi wa *How to Design Programs* waliliandika mwaka 2004 katika makala yenye jina linalotania kile kitabu cha MIT, na hoja yao kuu ilikuwa hiyo: mifano inadai ujuzi wa nje, na njia ya kusanifu haisemwi wazi, unaachwa uiokote kwa kumtazama fundi akifanya. Felleisen si adui wa Scheme, lugha ya kile kitabu cha MIT, amekula nayo maisha yote. Kwa hiyo huwezi kusema ni wivu.

Angalia hata fanksheni yako ya noti. Nzuri mno. Lakini mwanafunzi akiuliza "ulijuaje kugawanya mafungu mawili namna hiyo?", kitabu kinamjibu nini? Kinamwonyesha kwamba inawezekana. *How to Design Programs* kinaliweka tatizo la aina hiyo mbali, sehemu ya tano kati ya sita, kwa sababu pale kujirudia hakutoki kwenye umbo la data. Kunatoka kwenye wazo lako wewe. Na kwa kujirudia kwa aina hiyo unadaiwa pia ueleze kwa nini programu itafika mwisho. Hapa kila hatua kiasi kinapungua au noti zinapungua, basi itafika. Weka noti ya franka 0 kwenye orodha yako uone kitakachotokea.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho kile cha MIT kinakifanya kuliko chochote nilichowahi kusoma, na ndicho kinachonifanya nisiruhusu mtu akiruke maisha yake yote. Sura mbili nzima unaprogramu bila kubadilisha thamani ya kigeu hata mara moja. Kisha sura ya tatu inaleta `set!`, kwa mfano wa akaunti ya benki, na papo hapo inakuonyesha gharama yake: kuanzia sasa huwezi kusoma mstari mmoja peke yake, lazima ujue nini kimetokea kabla. Hakikatazi. Kinakuambia bei. Na sura ya nne unaandika mwenyewe mkalimani, yaani programu inayoendesha kodi, wa lugha uliyokuwa unaitumia. Ukimaliza hiyo, lugha mpya haikutishi tena.

---

MathPhysique_Katuba

Noti ya franka 0 imenila kompyuta. Sawa, hapo umenishika.

Ila nasimama: kwa mtu wa hesabu, aanze na kile cha MIT. Asiyependa mabano kuna toleo la JavaScript lililotoka 2022, lililofanywa na Henz na Wrigstad, nalo liko bure mtandaoni.

---

Fundi_Kamalondo

Kwa mtu wa hesabu, mwenye nidhamu ya kufanya mazoezi bila kuulizwa na mtu, nakubali. DrRacket hiyohiyo unaweza kuiongezea kifurushi cha `sicp`, kisha unaandika `#lang sicp` juu ya faili na kodi ya kitabu inakwenda.

---

DadaRuashi

Samahani wakubwa, mnaongea vizuri lakini mmeruka jambo. Vyote mlivyotaja ni Kiingereza. Sisi tumesoma kwa Kifaransa toka shule. Mimi Kiingereza cha ujumbe wa kosa nakielewa, kurasa mia saba hapana. Tufanyeje?

---

Mwalimu_wa_Bukavu

Dada, hapa nina neno, maana nafundisha na wanafunzi wangu wana shida hiyohiyo.

Bahati yetu ni kwamba Ufaransa ni nyumba ya lugha ya Caml. Ilizaliwa katika maabara za INRIA, taasisi ya utafiti wa informatika ya Ufaransa, na OCaml kama tunavyoijua ilitoka 1996. Wanafunzi wao wa madarasa ya matayarisho wamefundishwa Caml kwa miaka mingi, kwa hiyo vitabu vya Kifaransa vipo, tena vya watu wanaoijua lugha kutoka tumboni mwake.

*Le langage Caml* cha Pierre Weis na Xavier Leroy (1993) waandishi wamekiachia bure. Mimi nakipenda kwa mifano mirefu: kinakutembeza mpaka kwenye kuandika kompaila ndogo. Tahadhari: kimeandikwa kwa Caml Light, ndugu mkubwa wa OCaml, kwa hiyo baadhi ya kodi lazima uirekebishe kabla haijakubali. *Développement d'applications avec Objective Caml* cha Chailloux, Manoury na Pagano (2000) nacho kiko bure, ni kinene, nakitumia kama rejeo tu. Na kwa anayeanza kabisa, *Apprendre à programmer avec OCaml* cha Conchon na Filliâtre (Eyrolles, 2014). Hicho cha kununua, lakini ndicho ningempa mdogo wangu kwanza.

Hata kile cha Abelson na Sussman kilitafsiriwa Kifaransa, InterEditions, 1989. Ukikikuta kwenye maktaba ya mapadri au kwa prof mzee, usikiachie.

Sasa kwa upande wa mwanzisha uzi. Mfano wake wa dola na franka kwa OCaml unakuwa hivi:

```
type pesa = Dola of int | Franka of int

let kwa_franka bei p =
  match p with
  | Dola n   -> n * bei
  | Franka n -> n
```

Kile alichokiandika kama maelezo pembeni, hapa ni sehemu ya lugha. Futa tawi la `Franka` ujaribu: kompaila inakuonya kabla hujaendesha kitu, na inakutajia kesi uliyoisahau. Kwenye Racket ya wanaoanza, kama hukuandika mfano wa franka, ungeijua siku ambayo mteja wa franka amefika. Ndiyo maana mimi nasema utaratibu wake wa kusanifu uchukuliwe, kisha utumike ndani ya OCaml. Hatua zile hazidai Racket.

---

Fundi_Kamalondo

Mwalimu, hapa sina la kuongeza. Dada Ruashi, fuata njia ya mwalimu. Kurasa za mwanzo za *How to Design Programs* zinazoeleza hatua za kusanifu tafuta mtu akusomee mara moja, zichape kwenye karatasi, bandika ukutani. Vingine vyote soma kwa Kifaransa.

Kuhusu umeme na mtandao, maana najua litaulizwa: pakua DrRacket mara moja mahali penye mtandao mzuri, iweke kwenye flashi, sambazieni. Ile kamili inakuja na maelezo yake yote ndani, huhitaji mtandao tena. Umeme ukikatika, utaratibu wa kusanifu ni kazi ya kalamu. Data, sahihi (fanksheni inapokea nini na kutoa nini), mifano, kiunzi: vyote vinne vinaandikwa kwenye daftari.

---

PHP_ya_Kampemba

Niwe mkweli bandugu. Mimi nalisha watu kwa PHP na WordPress. Tangu nianze hakuna mteja hapa aliyeniuliza kama fanksheni zangu ni safi. Hizi si ni starehe za watu wa chuo? Leo Haskell, kesho kitakuja kingine.

---

MamaHesabu

Mimi si mwanaprogramu, ni mhasibu, mwanangu ndiye aliyenitumia uzi huu. Lakini naona mnachozungumza nakijua. Kwenye Excel nikiandika fomula C5, haibadilishi A1. Inasoma A1 na kutoa jibu lake. Ndiyo maana naweza kufuatilia kosa kutoka jumla ya mwisho kurudi nyuma seli kwa seli mpaka nilipate. Vijana wakiniletea faili yenye makro inayoandika juu ya seli za wengine, siwezi kufuatilia kitu. Je, nimeelewa?

---

Fundi_Kamalondo

Mama, umeelewa kuliko nusu ya wanafunzi wangu, na PHP umemjibu kabla yangu.

Ndugu wa Kampemba, kuhusu "kesho kitakuja kingine": msingi wa mambo haya ni kalkulasi ya lambda, mfumo wa hesabu wa fanksheni wa Alonzo Church, miaka ya 1930, kabla ya kompyuta zenyewe. Mwaka 1977 John Backus, aliyeongoza kazi ya lugha ya FORTRAN, alipokea tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya informatika, na hotuba yake yote ilikuwa kuuliza kama tunaweza kujikomboa na mtindo wa kubadilishabadilisha kumbukumbu hatua kwa hatua. Huyo ni mmoja wa walioujenga mtindo wenyewe, naye anauliza hivyo. Java ilipokea lambda, yaani fanksheni zisizo na jina, mwaka 2014. Hata PHP yako ina `array_map`, inayopitisha fanksheni juu ya kila kitu cha orodha.

Kitabu chako wewe ni *Grokking Simplicity* cha Eric Normand (2021). Mifano yake ni ya JavaScript, hakuna monadi, hakuna nadharia. Kinakufundisha kugawa kodi mafungu matatu: vitendo, hesabu na data. Kutuma SMS ya kuthibitisha malipo ni kitendo: ukituma mara mbili mteja anakupigia simu. Kutafuta jumla ya kapu ni hesabu: irudie mara elfu, hakuna anayeumia. Chukua faili moja ya duka lako la WordPress, tafuta mahali ambapo hesabu ya bei na kutuma ujumbe vimekaa ndani ya fanksheni moja, vitenganishe. Sasa hesabu unaweza kuijaribu bila kutuma SMS kwa mtu. Mteja hatakuuliza kama ni safi. Atakuuliza kwa nini amekatwa mara mbili.

Kwa anayetaka kusoma kidogo tu bila kitabu kizima, kuna makala ya John Hughes ya 1989, *Why Functional Programming Matters*. Ni fupi, unaweza kuitoa fotokopi. Hoja yake ni kwamba faida haiko katika kukatazwa kubadilisha vigeu, kwani kukatazwa peke yake hakumsaidii mtu. Faida iko katika njia mpya za kuunganisha vipande vidogo.

---

Nadia_L2

Yaya, nimeanza. Mabano bado yananichosha lakini nimechukua mfano wako nikaongeza malipo ya simu, maana dukani kwetu wengi wanalipa hivyo. Majaribio yote yamepita. Angalia:

```
(define-struct simu [mtandao kiasi])

; Pesa ni mojawapo ya hizi:
; - (make-dola Namba)
; - (make-franka Namba)
; - (make-simu Neno Pesa)

(define (kwa-franka p bei)
  (cond
    [(dola? p)   (* (dola-kiasi p) bei)]
    [(franka? p) (franka-kiasi p)]
    [(simu? p)   (kwa-franka (simu-kiasi p) bei)]))
```

Kiasi cha simu nimekiweka kuwa Pesa kwa sababu kwenye simu pia kuna akaunti ya dola na ya franka.

---

MathPhysique_Katuba

Njo vile! Fanksheni inajiita yenyewe bila mtu kumwambia. Safi sana.

---

Fundi_Kamalondo

Kazi nzuri, na kuona kwamba simu nayo ina dola na franka ni jicho la msanifu. Lakini soma maelezo yako ya data polepole kama mtu asiyekupenda. Kipengele cha tatu kinasema ndani ya simu kuna Pesa. Na simu yenyewe ni Pesa. Basi hiki ni halali:

```
(make-simu "A" (make-simu "B" (make-simu "A" (make-dola 5))))
```

Malipo ya simu ndani ya malipo ya simu ndani ya malipo ya simu. Dukani kwenu hakuna kitu hicho. Fanksheni yako itakihesabu bila kulalamika, majaribio yatapita, na siku moja mtu atakuuliza dola hizo 5 ziliingia kwa mtandao upi. Kosa halimo kwenye kodi, kodi imefuata data kwa uaminifu kabisa. Limo kwenye maelezo.

---

Mwalimu_wa_Bukavu

Na hapa OCaml isingemsaidia pia, tuseme ukweli. Angeandika `Simu of string * pesa` na kompaila ingenyamaza, maana amepata alichokiomba.

---

Nadia_L2

Kwa hiyo nitenganishe? Kama hivi?

```
; Taslimu ni mojawapo ya hizi:
; - (make-dola Namba)
; - (make-franka Namba)

; Malipo ni mojawapo ya hizi:
; - Taslimu
; - (make-simu Neno Taslimu)
```

---

Fundi_Kamalondo

Hivyo hasa. Sasa maelezo mawili ya data, fanksheni mbili. `kwa-franka` inarudi kama ilivyokuwa, ya Taslimu tu, usiiguse. Andika `malipo-kwa-franka` yenye matawi mawili, la simu linaiita `kwa-franka`. Kisha `jumla` ibadilishe jina moja tu mahali pamoja.

---

Nadia_L2

Nimeandika `(taslimu? p)` kwenye tawi la kwanza, DrRacket inasema haiijui hiyo fanksheni.

---

Fundi_Kamalondo

Kwa sababu hakuna `define-struct` ya taslimu. Taslimu ni jina la kundi, lipo kwenye maelezo yako tu. Njia rahisi: uliza `(simu? p)` kwanza, halafu `else`. Njia ndefu: andika `taslimu?` mwenyewe kwa `or` ya `dola?` na `franka?`. Kwa sasa chukua ndefu, ili siku ukiongeza aina ya tatu ya malipo, `else` isije ikaimeza kimyakimya. Andika mifano mitatu kwanza, ya dola, ya franka na ya simu, kisha ulete hapa.